KIHARUSI: NI NANI WANAOZIMA MOTO NDANI YA UBONGO?



Miongoni mwa maradhi yaingiayo majumbani mwetu bila ya kubisha hodi, machache hututisha kama kiharusi. Mzee ameamka salama, amesali alfajiri, amekunywa chai yake, na kabla ya adhuhuri mkono mmoja umelegea, mdomo umepinda na maneno hayatoki. Hapo nyumba hunena kauli mbili. Ya kwanza hutoka siku ile ile: "Tungoje kidogo, huenda ni uchovu tu." Ya pili hutoka wiki kadhaa baadaye: "Basi tena, alichokipoteza hakirudi." Kauli zote mbili ni makosa, na zote mbili hugharimu. Sababu ya kuwa ni makosa imo ndani ya ubongo wenyewe, katika chembe ndogo ambazo kwa muda mrefu hata wataalamu hawakuzipa uzito wake.

GUNDI ISIYOKUWA GUNDI

Ubongo wa binadamu una chembe hai za aina mbili kubwa. Aina ya kwanza ni chembe za fahamu, zile zipelekazo amri mkononi na zipokeazo habari kutoka machoni na masikioni. Hizi ndizo zilizopewa sifa zote. Aina ya pili ni chembe saidizi. Katika miaka ya 1850 daktari wa Kijerumani, Rudolf Virchow, alieleza habari za kitu kilicho baina ya chembe za fahamu, akakipa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gundi. Mpaka leo chembe hizo huitwa glia, na kwa miaka mingi zilidhaniwa kuwa kazi yake ni kushikilia nyingine zisianguke.

Vitabu vingi vilisema pia kwamba chembe hizi ni mara kumi ya chembe za fahamu. Mwaka 2009 mtaalamu wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, pamoja na wenzake, walitoa hesabu mpya: chembe za fahamu ni karibu bilioni 86, na chembe nyinginezo zote zikiwekwa pamoja zinakaribia idadi hiyo hiyo. Si mara kumi, lakini ni jeshi kubwa, na kila kikosi kina kazi yake.

Kikosi cha kwanza ni astrosaiti, zenye umbo la nyota. Mkono mmoja wa astrosaiti umeshika mshipa wa damu, na mwingine umeshika chembe za fahamu. Huzilisha, hurekebisha chumvi zinazozizunguka, na huzoa mabaki ya kemikali ambazo chembe za fahamu hutumia kuzungumza baina yao. Kikosi cha pili ni mikroglia, ambazo Mhispania Pío del Río Hortega alizibainisha na kuzipa jina mwaka 1919. Hizi ni sungusungu wa ubongo. Mwaka 2005 watafiti waliotazama ubongo wa panya aliye hai kwa darubini maalumu waliona mikroglia zikinyoosha na kukunja vidole vyake bila ya kupumzika, zikipapasa kila pembe ya mtaa wake. Kikosi cha tatu ni oligodendrosaiti, ambazo huzivika nyuzi za fahamu ala ya mafuta, mfano wa plastiki inayofunika waya wa umeme, ili habari ipite haraka wala isipotee njiani.

SAA YA KWANZA

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote za mwili. Hauna ghala la kutosha, hivyo hutegemea damu inayopita kila sekunde. Kiharusi ni kukatika kwa huduma hiyo, ama kwa mshipa kuzibwa na damu iliyoganda, ama kwa mshipa kupasuka. Hapa Marekani, katika kila viharusi 100, karibu 87 ni vya kuziba.

Mshipa mkubwa unapoziba, chembe zilizo katikati ya eneo hilo hufa kwa dakika chache. Kandokando yake hubaki eneo pana zaidi ambalo limezimia lakini halijafa, kwa kuwa bado hupata damu kidogo kutoka mishipa ya jirani. Vita ya saa ya kwanza ni juu ya eneo hilo. Chembe za fahamu zinazokata roho humwaga kemikali iitwayo glutamati, ambayo kwa kiasi kidogo ni ujumbe na kwa wingi ni sumu, nayo huua majirani. Astrosaiti huvumilia kukosa hewa kuliko chembe za fahamu, kwa kuwa zina akiba ndogo ya sukari. Huinywa ile sumu kadiri ziwezavyo na kuyalinda maeneo yaliyozimia. Lakini damu isiporudi, nazo huishiwa nguvu, huvimba kwa maji, na huacha kuinywa sumu. Hapo ndipo jeraha hutambaa kutoka katikati kwenda kandoni.

Mwaka 2006 Daktari Jeffrey Saver wa Los Angeles alipiga hesabu kwamba katika kiharusi cha kawaida cha mshipa mkubwa kuziba, kila dakika ipitayo bila ya matibabu huondoka na chembe za fahamu milioni 1.9. Kwa hiyo anayesema "tungoje mpaka baba arudi kazini" anaziachia chembe saidizi vita ambayo haziwezi kuishinda peke yake.

Msaada wenyewe upo. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya majaribio makubwa ya dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na mwaka 1996 serikali ya Marekani ikaidhinisha itumike kwa kiharusi. Waliopewa dawa hiyo ndani ya saa 3 walikuwa na nafasi zaidi, kwa angalau asilimia 30, ya kubaki na ulemavu mdogo sana au kutobaki nao kabisa baada ya miezi mitatu. Baadaye ilithibitika kwamba baadhi ya wagonjwa hufaidika hadi saa 4 na nusu. Ipo pia njia ya kupenyeza mrija kwenye mshipa na kulivuta donge la damu, ambayo kwa wagonjwa wanaochaguliwa kwa vipimo huweza kufanywa hata kufikia saa 24. Katika jimbo letu hili, mwaka 2014 wataalamu wa University of Texas huko Houston, wakiongozwa na Daktari James Grotta, walianzisha gari la wagonjwa lenye mashine ya kupiga picha ya ubongo ndani yake, la kwanza katika Marekani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba waliohudumiwa na gari la namna hiyo walipata dawa mapema zaidi, na ulemavu wao ulikuwa mdogo zaidi.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kila mtu wa nyumbani, hata mtoto wa miaka minane, na ajue ishara hizi. Mwambie mgonjwa atabasamu: je, upande mmoja wa uso umeshuka? Mwambie anyanyue mikono yote miwili: je, mmoja unaanguka? Mwambie atamke jina lake na la mama yake: je, maneno yanakokota au hayaeleweki? Ishara moja tu ikitokea ghafla inatosha. Hali kadhalika kupoteza uwezo wa kuona kwa ghafla, kupepesuka kwa ghafla, au kichwa kuuma kwa namna ambayo mtu hajapata kuiona maishani mwake.

Piga 911. Tamka neno la Kiingereza "stroke", kisha anwani. Ukishindwa kuendelea sema "Swahili", nao watatafuta mkalimani. Usimpakie mgonjwa kwenye gari lako na kuingia naye kwenye msongamano wa barabara ya 635, kwa sababu gari la wagonjwa huchagua hospitali iliyo tayari kwa kiharusi na huipigia simu kabla ya kufika. Angalia saa: wakati wa mwisho mgonjwa alipoonekana mzima ndilo swali la kwanza atakalouliza daktari. Usimpe maji, chakula wala kidonge chochote, hata aspirini. Koo huenda limelegea akapaliwa, na ikiwa ni kiharusi cha mshipa kupasuka, aspirini huzidisha kuvuja damu.

Wapo wanaoogopa gharama au karatasi. Sheria ya nchi hii ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye idara ya dharura, karibu zote, zimchunguze na kumtuliza mgonjwa wa dharura bila ya kujali uwezo wake wa kulipa au hati zake za uhamiaji. Bili itazungumzwa baadaye, mgonjwa akiwa hai.

Wapo pia wanaoanza kwa kumkanda mafuta au kumwita mtu wa kusoma, kwa kudhani kwamba mgonjwa amepigwa na shetani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 juu ya Tanzania ulikuta imani hiyo imeenea sana Dar es Salaam kuliko Hai, Kilimanjaro. Dua ni silaha ya Muumini, wala hakuna anayeizuia. Lakini dua husomwa ndani ya gari la wagonjwa pia, na kwenye viti vya hospitali, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kutafuta tiba. Kumsomea mgonjwa hakumzuii mtu kupiga simu.

SIKU NA WIKI ZA BAADAYE

Tuseme mgonjwa amefika, ametibiwa, na sehemu ya ubongo imekwisha kufa. Ndani ya kichwa chake kazi ndiyo kwanza imeanza. Waliokulia kwenye vijiji vya makuti wanajua ada ya moto: nyumba moja inapowaka, majirani hawasimami kutazama. Wengine huvuta maji, wengine hupanda juu ya nyumba ya pili, ambayo haijashika moto, wakaying'oa makuti yake ili moto usipate daraja. Nyumba hiyo imeharibiwa kwa mkono wa jirani, na kijiji kimesalimika. Chembe saidizi hufanya mfano wa hayo.

Mikroglia hufika kwanza. Hubadili umbo, hukusanyika, hula mizoga ya chembe zilizokufa na kuita msaada wa chembe nyeupe kutoka kwenye damu. Wito huo huleta joto na uvimbe, na uvimbe ukizidi huumiza hata walio wazima. Kwa sababu hiyo mgonjwa huweza kuonekana afadhali siku ya kwanza, kisha akazidiwa siku ya tatu, na kwa sababu hiyo madaktari hukataa kumruhusu mapema. Je, ingekuwa bora mikroglia zisiwepo? Mwaka 2016 watafiti waliziondoa kwa panya kabla ya kumletea kiharusi, na jeraha lilikuwa kubwa zaidi. Sungusungu huvunja milango, lakini mtaa usio nao huungua zaidi.

Baada yake huja astrosaiti. Zilizo karibu na jeraha hunenepa, huongezeka, hujipanga bega kwa bega, na kwa muda wa wiki moja au mbili hujenga ukuta kuzunguka mahali palipokufa. Wataalamu huuita kovu la glia. Kwa miaka mingi lilishutumiwa kwamba ndilo linalozizuia nyuzi za fahamu kukua upya. Kundi la Michael Sofroniew, katika chuo kikuu cha UCLA huko Los Angeles, lilionyesha upande wa pili. Panya walipozuiwa kujenga ukuta huo baada ya kuumia uti wa mgongo, uvimbe ulisambaa na hali zao zikawa mbaya zaidi, na mwaka 2016 kundi hilo lilitangaza kwamba nyuzi hazikukua vizuri zaidi pasipo na kovu. Ukuta huzuia na hulinda kwa wakati mmoja, na mjadala juu ya kipimo cha kila upande ungali ukiendelea.

Haya hayahusu kiharusi peke yake. Kichwa kilichogongwa katika ajali ya gari, au cha mama mtu mzima aliyeteleza bafuni, huamsha sungusungu hao hao na wajenzi hao hao. Kwa hiyo aliyegongwa kichwa kwa nguvu, akatapika, akasinzia isivyo kawaida au akababaika katika maneno, naye ni mgonjwa wa dharura, hata kama hana jeraha la nje.

MIEZI NA MIAKA

Sasa tunaijia kauli ya pili, ya kwamba kilichopotea hakirudi. Chembe za fahamu zilizokufa hazifufuki. Lakini zilizobaki hai hujifunza kazi mpya, huotesha matawi, na njia zilizokuwa za pembeni huwa njia kuu. Chembe saidizi hushiriki hapa pia. Kiharusi huua oligodendrosaiti nyingi, lakini ubongo wa mtu mzima una chembe changa ziwezazo kukua na kushika nafasi zake. Mwaka 2014 watafiti wa London waliwazuia panya kutengeneza oligodendrosaiti mpya, kisha wakawapa gurudumu gumu la kukimbilia. Panya hao walishindwa kujifunza vizuri kama wenzao. Maana yake ni kwamba kujifunza kitendo kipya cha mwili kunahitaji chembe mpya za kuvika nyuzi. Mazoezi ya mgonjwa basi si ya kumliwaza: ndiyo yanayoutaka ubongo wake ujijenge.

Mfano mwingine uko karibu na Mesquite. Katika University of Texas at Dallas, kilichopo Richardson, watafiti walijaribu kwa wanyama kuuchokoza mshipa wa fahamu upitao shingoni wakati ule ule wa mazoezi. Njia hiyo ilijaribiwa kwa wagonjwa 108 wa Marekani na Uingereza, waliopatwa na kiharusi tangu miezi 9 hadi miaka 10 kabla. Karibu nusu ya waliochokozwa mshipa walipata nafuu ya maana katika mkono, na katika kundi la kulinganisha walikuwa karibu robo. Mwaka 2021 serikali ya Marekani iliidhinisha kifaa hicho. Zingatieni: hata lile kundi la kulinganisha, lililofanya mazoezi tu, lilikuwa na waliopata nafuu, miezi mingi au hata miaka baada ya kiharusi.

Nyumbani kwetu, basi, tusimtendee mzee kama sanduku la kuhifadhiwa. Mama mkwe aliyepooza mkono wa kulia na apewe bakuli aishike, hata ikimwagika. Akiweza kusimama kwa kushikwa, na mtaalamu wa mazoezi ameridhia, asimame. Asipoweza, sala ya kukaa au ya kulala ni halali yake bila ya aibu. Aliyepoteza maneno huweza mara nyingine kuisoma Fatiha yote au kuhesabu hadi kumi, kwa sababu yaliyohifadhiwa tangu utotoni hupita njia nyingine katika ubongo. Haigizi, wala haina maana kwamba angeweza kuzungumza angetaka. Msomee pole pole, umwachie neno la mwisho alitamke mwenyewe.

TAHADHARI KUTOKA DALLAS

Ukimya wa mgonjwa huwavuta wauza matumaini. Tunaahidiwa chembe hai za kudungwa, kwa maelfu ya dola, zitakazouumba ubongo upya. Kabla ya kuuza dhahabu ya bibi, isikilizeni habari hii. Mwaka 2013 kundi la Chun-Li Zhang, katika chuo cha udaktari cha UT Southwestern mjini Dallas, lilitangaza kwamba limeweza kuzigeuza astrosaiti ndani ya ubongo wa panya kuwa chembe changa za fahamu. Makundi mengine duniani yakatangaza mageuzi ya haraka zaidi kwa njia nyinginezo. Mwaka 2021 kundi hilo hilo la Dallas lilifuatilia kwa alama maalumu chanzo cha chembe zilizodaiwa kugeuzwa kwa baadhi ya njia hizo, na likakuta kwamba hazikutoka kwenye astrosaiti. Zilikuwa chembe za fahamu za zamani zilizopakwa rangi kimakosa na kipimo chenyewe.

Utafiti unaendelea, nao ni wa heshima kwa sababu unajikagua. Lakini ikiwa wenye maabara wenyewe wangali wakibishana juu ya panya, anayekuuzia ubongo mpya wa mzazi wako anauza asichokuwa nacho. Muulizeni daktari wa hospitali kwanza. Jaribio la kweli la kisayansi huwa na karatasi za ridhaa, na aghalabu halimtozi mgonjwa fedha kwa dawa inayojaribiwa.

KABLA YA MOTO

Utafiti uliofanyika Tanzania tangu mwaka 2003 hadi 2006, ukachapishwa mwaka 2010, ulikuta kwamba katika kila watu 100,000, baada ya kusawazisha umri, kiharusi kipya kiliwapata karibu 109 kwa mwaka wilayani Hai na karibu 316 Dar es Salaam. Hapa Marekani, watu weusi hupatwa na kiharusi cha kwanza karibu mara mbili ya weupe. Kuhama hakukutuepusha. Sababu kubwa inayoweza kuzuiliwa ni presha, ambayo haiumi wala haionekani mpaka ipimwe. Kisukari, sigara na chumvi nyingi huisaidia.

Kwa hiyo kila mwenye umri wa miaka 40 na zaidi, na kila mwenye mzazi aliyepatwa na kiharusi, apime presha mwezi huu. Aliyepewa vidonge asiviache kwa sababu anajiona mzima. Ramadhani inapokaribia, aonane na daktari mapema apangiwe saa za dawa kati ya futari na daku, au aelezwe kama kufunga kunamfaa. Na tunapopiga simu Tanga, Mombasa, Unguja au Bukavu, baada ya kuulizana hali, tuwaulize wazee: presha yako ilikuwa ngapi, na ulipima lini? Pengine fedha za kununulia mashine ndogo ya kupimia zitafaa kuliko zawadi nyingine tunazotuma.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie tuwe wepesi wa kuinua simu siku itakapohitajika. Amin.

Wabillahi tawfiq.